Nani Alisema Juu ya Picha Bubu? Boksi la Santuri Mlowo na Historia ya Sinema Nchini

Santuri nne za kwanza niliziona kabla sijaingia ndani. Zilikuwa zimetundikwa kwa nyuzi juu ya kipande cha ulezi nyuma ya nyumba, zikizungukazunguka na upepo wa jioni na kuwatisha ndege kwa mng'ao wake. Mama mdogo aliniona nikizitazama, akacheka. "Hizo zimechubuka, mwanangu, deki haizisomi tena. Baba yako mdogo alizitundika mwenyewe. Nzima zimo ndani, na ndizo nilizokuitia."

Baba mdogo alifariki mwaka jana. Alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, na alipostaafu alirudi Mlowo, mji huu wa Wilaya ya Mbozi ambao msafiri wa Tunduma huupita akiona malori, magunia ya mahindi na kahawa, kisha akausahau. Hakuacha shamba kubwa wala gari. Aliacha boksi la santuri 61 za filamu za kale, nyingi zikiwa filamu bubu, pamoja na madaftari matatu. Mama mdogo alitaka nimwambie kama vitu hivyo vina faida yoyote, au awape wajukuu wakavitundike shambani. Ni swali la haki. Nimewahi kulisikia likiulizwa na watumishi wa umma kuhusu mali ya taifa zima, nao hawakuwa wakicheka.

Nitatumia neno santuri kwa vitu viwili: ile nyeusi ya gramafoni waliyoijua babu zetu, na hii inayong'aa ya DVD. Msomaji ataona mbele kwamba sifanyi hivyo kwa uvivu.

Boksi lenyewe lilikuwa na mchanganyiko wa kila namna. Zimo santuri alizonunua kwa wachuuzi wa Tunduma na Kariakoo, zile ambazo moja hubeba filamu kumi na mbili na picha ya jaladani haihusiani na hata moja. Zimo pia nakala safi alizotumiwa na wanafunzi wake wa zamani walioko ughaibuni. Nilikuta safari ya mwezini ya Georges Méliès ya mwaka 1902, Battleship Potemkin ya Sergei Eisenstein (1925), The General ya Buster Keaton (1926) na Metropolis ya Fritz Lang (1927). Charlie Chaplin alikuwa na fungu lake mwenyewe, limefungwa kwa mpira: The Kid, The Gold Rush, City Lights na Modern Times. Hilo halikunishangaza. Kamusi zetu zinalo neno chale kwa maana ya mchekeshaji, na sikio halihitaji msaada kusikia jina la nani limo ndani yake.

Nilizijua filamu hizi kabla ya kujua kuwa ni bubu. Jumamosi jioni, umeme ukiwapo, majirani walijaa sebuleni, watoto tukikaa mkekani. Baba mdogo alizima kinanda ambacho watengenezaji wa santuri hukiweka nyuma ya picha, akasimama kando ya televisheni, akaanza kusema. Alisema kwa Kiswahili, na mahali pa utani alichomeka Kinyiha. Kila mhusika alikuwa na sauti yake. Nilipofika chuo kikuu na kuonyeshwa City Lights darasani, nilishtuka kwamba chumba kizima kilikuwa kimya, nikadhani mashine imeharibika.

Madaftari matatu yale ndiyo yaliyobeba maneno hayo. Kila filamu ina kurasa zake, na kila tukio lina mstari wake. Katika kurasa za Modern Times, mfanyakazi anayekaza skrubu kiwandani hadi akili imruke anaitwa manamba. Msimamizi wake anaitwa nyapara. Mkanda wa kiwanda unaopitisha vyuma bila kukoma umeandikwa "mkonge usiokwisha". Msomaji aliyezaliwa Nyanda za Juu Kusini hahitaji maelezo. Kutoka kwetu wanaume walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kwa msimamizi namba ilitosha kuwa jina. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Baba mdogo aliitazama filamu ya Chaplin akamwona baba yake, na sebule nzima ilielewa bila kuambiwa.

Sijui kama marehemu alijua jinsi alivyokuwa amelenga. Mtu aliyeanzisha jaribio kubwa la kwanza la sinema kwa Waafrika wa Tanganyika alitoka katika mkonge huohuo. Meja L. A. Notcutt alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1920 alianza kufikiri kwamba sinema shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike na kukaa kazini. Naomba tulisome jambo hili polepole. Wazo la kumwonyesha Mwafrika filamu zilizotengenezwa kwa ajili yake halikuanzia shuleni wala kanisani, ingawa vyote viwili vilikuja kushiriki. Lilianzia kwa nyapara mkuu aliyetaka manamba asitoroke.

Kati ya 1935 na 1937 wazo hilo likawa mradi: Bantu Educational Kinema Experiment, kwa kifupi BEKE. Ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, na fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya New York. Makao yake yalikuwa Vugiri, milimani juu ya Korogwe. Notcutt aliongoza utengenezaji, na upande wa elimu uliongozwa na Geoffrey Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza filamu 35, nyingi zikiwa fupi: za safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, benki ya akiba ya posta na kodi. Waigizaji walikuwa wenyeji. Kisha gari lilibeba projekta na jenereta, likazungusha filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Filamu za BEKE zilikuwa za milimita 16, na ukanda wenyewe ulikuwa bubu. Sauti iliwekwa mbali, kwenye santuri. Sababu ilikuwa ya maana: picha ni moja lakini lugha ni nyingi, na ni rahisi kubadili santuri kuliko kutengeneza filamu upya. Filamu ileile ingeweza kusema Kiswahili leo, na kesho mahali pengine ikasema lugha nyingine. Fundi alilazimika kuviendesha pamoja, na sindano ikiruka, picha na sauti huachana njia. Lakini santuri ina sifa nyingine ambayo haina uhusiano na ufundi: haiulizwi swali. Inamwambia mkulima alipe kodi, achimbe choo, aweke akiba posta, kisha inanyamaza mpaka igeuzwe.

Sasa rudi kwenye Modern Times, iliyotoka 1936, katikati ya miaka hiyohiyo ya Vugiri. Chaplin alikuwa ameikataa sinema ya sauti kwa karibu miaka kumi. Katika filamu hii aliruhusu sauti ya binadamu, lakini kwa sehemu kubwa ni kupitia mashine tu. Mwenye kiwanda anasema kupitia kioo kikubwa ukutani, akimfokea mfanyakazi hata aliyejificha chooni. Wanapoleta mashine ya kumlisha mfanyakazi ili asipoteze muda wa chakula cha mchana, wauzaji wake hawafungui midomo. Wanaweka santuri, nayo ndiyo inayoisifu mashine. Mfanyakazi mwenyewe, manamba wa baba mdogo, hana sauti. Mtu mmoja California na wengine huko Usambara walikuwa wakishughulika na kitu kilekile kwa wakati mmoja, mmoja akikicheka na wengine wakikitengeneza.

Jaribio la BEKE lilikoma 1937 baada ya serikali za kikoloni za Afrika Mashariki kukataa kuendelea kuligharimia. Kati ya zile filamu 35, tatu tu ndizo zinazojulikana kuwa bado zipo: moja ya safura, moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo kwa Waafrika, na moja ya makazi ya wakulima ya Kingolwira, Morogoro. Zimehifadhiwa Uingereza. Wazazi wa wazazi wetu walioigiza Vugiri na kwingineko, nyuso zao, mwendo wao na nguo zao, wamebaki katika filamu tatu.

Yaliyofuata BEKE yana somo la pekee kwa wanafunzi wangu wa sayansi ya jamii. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Colonial Film Unit, na mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa ameanza kazi hiyo Nigeria, alikuwa na nadharia. Alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata sinema ya kawaida, kwamba picha zisibadilike haraka, ujanja wa kamera usitumike, na kila tukio lionyeshwe taratibu kwa urefu wake wote. Ilisimuliwa hadithi ya mbu aliyekuzwa kwenye pazia, watu wakasema kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Hadithi hiyo bado inarudiwa katika vitabu kama ushahidi wa ujinga wetu. Binafsi nimeishi vijijini vya kutosha kumtambua mtu anayemtania mgeni.

Ushahidi wa kinyume ulikuwapo mapema. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alitumwa Afrika Mashariki, akawaonyesha wanafunzi wa shule filamu chache za elimu, akaona kwamba wanaelewa vizuri. Na vichekesho vya Chaplin vilitumiwa katika maonyesho ya magari ya sinema ili kuvuta watu kabla ya mafunzo ya afya na kilimo. Chaplin hakati picha taratibu. Anakimbia, anageuka, anaingia mlango huu na kutokea mwingine, naye askari yuko nyuma yake. Watazamaji walewale waliodaiwa kushindwa kufuata picha walimfuata, wakacheka mahali pa kucheka. Nadharia ya Sellers haikudumu kwa sababu ya ushahidi. Ilidumu kwa sababu ilimpa kazi mtu wa kusema juu ya picha, na ikampa haki ya kuchagua maneno.

Maana maonyesho yale hayakuwa kimya. Kando ya pazia alisimama mfafanuzi na kipaza sauti, mara nyingi mtumishi wa serikali, akieleza kinachoonekana kwa lugha ya mahali. Alikuwa na maelezo ya kufuata, lakini afisa Mzungu aliyesimama kando hakujua kila neno lililosemwa. Ningetoa vitu vingi nisikie mfafanuzi mmoja wa zama hizo alisema nini hasa pale filamu ilipoonyesha faida za kodi.

Ufundi huu wa kusema juu ya picha si wetu peke yetu. Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Filamu za sauti zilipoingia miaka ya 1930, kazi yao ilikufa. Kaka yake Akira Kurosawa, mwongozaji maarufu wa baadaye, alikuwa benshi, naye alijiua mwaka 1933. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: sauti ilikuja na msimulizi hakuondoka. Kizazi changu kilikulia katika vibanda umiza, tukiwasikiliza Lufufu na DJ Mack wakieleza filamu za Hong Kong na Hollywood kwa Kiswahili, wakiwapa wahusika majina ya mitaani na kupachika maoni yao juu ya maisha ya Dar es Salaam. Waganda wana ma-VJ wao mpaka leo. Wasomi wengi tuliwadharau watu hawa, nikiwamo mimi, kwa kuwa tulidhani wanaharibu filamu.

Boksi la Mlowo lina santuri moja ambayo ilinibadilisha mawazo. Ni Within Our Gates ya mwaka 1920, kazi ya Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi, na ndiyo filamu ndefu ya zamani kuliko zote zilizobaki za mwongozaji mweusi wa nchi hiyo. Wengi huitazama kama jibu kwa The Birth of a Nation ya 1915, ile iliyowatukuza Ku Klux Klan. Micheaux alionyesha watu weusi wakiuawa na makundi ya Wazungu, jambo ambalo bodi za ukaguzi hazikutaka lionekane. Kwa miongo mingi filamu hiyo ilihesabiwa kuwa imepotea. Nakala moja ilipatikana Hispania katika miaka ya 1970, ikiwa na jina la La Negra, na maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati mwaka 1993. Maandishi yake ya katikati ya picha yalikuwa ya Kihispania, hivyo mengi yalilazimika kutafsiriwa kurudi Kiingereza. Picha za Micheaux zilirudi nyumbani. Maneno yake mengi tunayasoma kwa kubahatisha.

Nani angeitafuta Hispania? Filamu bubu hupatikana mwisho wa njia. Utafiti uliotolewa na maktaba hiyohiyo ya Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni asilimia 14 tu zilizosalia kamili katika umbo lake la asili. Nyingine ziliungua, zilioza, au ziliyeyushwa makusudi. Lakini mwaka 1978, huko Dawson City, mji wa wachimba dhahabu kaskazini mwa Kanada, mashine iliyokuwa ikichimba kiwanja iliibua zaidi ya mikanda 500 iliyofukiwa kwenye bwawa la kuogelea la zamani. Mji ule ulikuwa kituo cha mwisho cha usambazaji, na hakuna aliyetaka kulipa nauli ya kuirudisha. Vivyo hivyo, sehemu za Metropolis zilizodhaniwa kupotea kabisa zilipatikana Buenos Aires mwaka 2008. Nakala ya baba mdogo ni fupi, ya kabla ya ugunduzi huo, na pembeni mwa daftari ameandika mahali anapoona hadithi imerukwa.

Nikiitazama ramani yetu kwa jicho hilo, naona miji mingi ya mwisho wa njia. Barabara ya kwenda Rhodesia ya Kaskazini ilipita huku. Magari ya sinema yaliendelea kutembea baada ya Uhuru, yakibeba filamu za serikali mpya badala ya zile za zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu za Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu nafasi kuu alipewa kijana mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, na Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Huuliza darasani ni nani amewahi kuiona filamu hiyo. Mikono haiinuki. Huuliza juu ya kazi za Tanzania Film Company, iliyoanzishwa 1968, au Arusi ya Mariamu ya 1985. Mkono mmoja, na huyo aliiona ng'ambo.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika stoo ya ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, nikitafuta mafaili ya vijiji. Nilipokelewa na harufu ya siki. Aliyewahi kushika filamu za milimita 16 anaijua harufu hiyo: ni ukanda unaooza. Makopo yalikuwa yamepangwa chini ya viti vilivyovunjika, na juu ya rundo lote kulikuwa na karatasi iliyoandikwa MALI CHAKAVU. Nilimwomba mhusika aniruhusu nisome angalau majina kwenye makopo. Alinijibu kwa adabu kwamba utaratibu wa kuyateketeza umeshaanza, na orodha ilihesabu makopo kama chuma. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 haibagui karatasi na filamu. Nilikuwa naijua, na sikuitaja. Nilichukua mafaili yangu, nikaondoka. Tangu hapo nimeandika makala mengi juu ya uzembe wa wengine.

Kwa hiyo nilimwambia mama mdogo ukweli. Santuri zenyewe hazina thamani ya soko. Karibu zote zinapatikana kwingine katika nakala bora zaidi, na nyingi haki zake zilikwisha kitambo. Hizi za bei rahisi hazitamaliza miaka mingi, kwani kuvu limeshaanza kula kingo. Madaftari ndiyo hayana nakala popote duniani. Niliomba ruhusa ya kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na ya kupeleka nakala kwenye maktaba ya chuo. Alikubali, lakini alionekana kunihurumia.

"Umeyasoma?" aliniuliza.

"Nimeyasoma yote, mama."

"Basi hujasikia kitu. Yeye hakuwa anasoma humo."

Aliwasha deki, akaitafuta Modern Times katika fungu la Chaplin, akazima kinanda kama marehemu alivyokuwa akifanya. Saa ya kiwandani ilionekana kwenye kioo, kisha kundi la kondoo, kisha wafanyakazi wakitoka ardhini. Mama mdogo akaanza kusema, ameketi, mikono mapajani, macho kwenye picha. Nilifungua daftari nikafuatisha kwa kidole, na kufikia dakika ya pili nilikuwa nimeshapotea, kwa sababu alichokuwa akisema hakikuwamo. Mulikuwa na jina la shamba la mkonge alikofanya kazi babu. Mulikuwa na jina la nyapara. Nikaitoa simu mfukoni, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaiweka juu ya boksi.

Alinyamaza ghafla. "Rudisha nyuma," alisema. "Hapo nimeruka. Palikuwa na wimbo."